Kumrudishia Boke Kadi ya Mtoto

Dada zangu wa Isebania,

Kwanza niwatoe wasiwasi. Sikupigwa, sikufukuzwa na mbwa, na wala sikuchukuliwa na Mto Mara kama Nyangi alivyosikia sokoni. Nilirudi Sirari siku ya tatu nikiwa mzima, na viatu vyangu vyote viwili, ingawa kimoja kilikuwa kimeachana na soli. Lakini kila mmoja wenu amepiga simu kuuliza, na kila mmoja nimempa kipande, sasa vipande vimekuwa vingi na havifanani. Naandika mara moja, yote. Msome pamoja.

Boke mnamkumbuka. Ni yule msichana mrefu aliyepanga chumba nyuma ya duka langu la vitenge, ambaye mumewe, utingo wa malori, aliondoka na gari la Kampala na hakurudi tena. Alikuwa na mtoto mmoja, Pendo, wa miaka minne. Mtoto huyo alikuwa haishi kuumwa. Vidole vinavimba, miguu inavimba, macho yanakuwa ya njano, analia mpaka sauti inakauka.

Mimi wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa akina mama wa maombi ya Alhamisi. Watu walisema nina karama ya kuona, nami niliamini. Alhamisi moja Boke alimleta mtoto mbele. Nilimwekea mkono yeye, si mtoto, nikasema mbele ya wanawake thelathini kwamba kuna kitu amekificha ndani ya nyumba yake, na siku atakapokitoa mtoto atapona. Akalia. Akasema hajaficha kitu. Nikamuuliza kwenye mkoba wake kuna nini. Akatoa kadi ya hospitali na karatasi ya vidonge. Nikamwambia huwezi kumwomba Mungu huku umeshika hivi. Akanipa. Vidonge nilivitupa. Kadi niliitia kwenye sanduku langu, bila kuisoma.

Baada ya hapo akina mama wakaacha kukaa naye benchi moja. Sikuwaambia wafanye hivyo, lakini sikuwakataza. Haukupita muda Boke akahama, akarudi kwao Kenyamonta. Nikasema kanisani kwamba nuru imefukuza giza. Watu wakasema amina.

Mwaka huu mjukuu wangu Mwita akaanza kuvimba vidole. Mkwe wangu hakuniuliza mimi. Alimbeba akampeleka hospitali Tarime, akarudi na kadi. Nilipoisoma niliona neno limeandikwa kwa kalamu: selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Nikafungua sanduku. Kwenye kadi ya Pendo lilikuwepo neno lile lile, na chini yake mtu ameandika kwamba mtoto asikose dawa hata siku moja.

Nilikaa kitandani na kadi mbili mapajani. Mtaniuliza kwa nini sikupiga simu. Namba ya Boke ilikuwa haipatikani siku nyingi. Watu wa kuuliza walikuwepo, lakini niliogopa jibu. Mtoto aliyekosa dawa miaka minne huenda hayupo. Nikaona kama hayupo, nikaambiwe hapo hapo walipomzika.

Sirari mpaka Tarime mjini

Akina mama waliposikia nakwenda Kenyamonta walitaka kuja kumi na wawili, na sare, na nyimbo, na matarumbeta. Nikakataa. Wakasema, ona mama yetu alivyo mnyenyekevu. Niwaambie ninyi ukweli: niliogopa mashahidi. Kama ningetukanwa, nilitaka nitukanwe peke yangu, nirudi nisimulie ninavyotaka. Hata hivyo nilijifunga kile kitambaa cheupe cha kichwani chenye msalaba wa buluu, kile cha viongozi. Bila hicho nilijiona kama natoka uchi.

Tarime nilishuka asubuhi mapema nikaenda kwenye duka la nguo za watoto. Niliona huwezi kwenda mikono mitupu. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, akashusha gauni la njano, akaniuliza mtoto ana ukubwa gani. Nikasema ana miaka minane. Akasema miaka si ukubwa, nimwonyeshe kwa mkono anafika wapi. Nikainua mkono, nikashindwa niusimamishe wapi. Aliniangalia. Nikaomba radhi nikatoka. Kwenye duka la pili nikanunua sukari, sabuni za mche na majani ya chai, vitu ambavyo havihitaji kipimo.

Maji kabla ya daraja

Kutoka Tarime nilipanda teksi ya probox mpaka Nyamongo, na hapo nikampata mtu wa pikipiki anayeitwa Marwa. Ni mtu mzima, ndevu zina mvi, hana maneno mengi. Aliniambia mvua ya usiku imejaza mto na kwamba ile sehemu ya chini kabla ya daraja huenda haipitiki. Nikamwambia twende tukaone.

Tulikuta watu kama sitini wamesimama. Daraja lenyewe lilikuwa salama, tunaliona kule mbele, lakini barabara ya kulifikia ilikuwa imezama. Maji mekundu yanakwenda kwa nguvu, yamebeba magogo na ndoo moja ya plastiki. Lori lililojaribu kupita lilikuwa limeinama upande, dereva amekaa juu ya kabini anakula mkate.

Tulikaa pale saa nne nzima. Mama mmoja wa Nyamongo alikuwa anauza viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, tukala tumekaa juu ya mizigo. Akaangalia sukari yangu na sabuni, na kitambaa changu cheupe, akaniuliza kwa upole msiba ni wa nani.

Nikamwambia, "Sijui bado."

Alidhani nimesema nimepigiwa simu bila kuambiwa aliyekufa, kama watu wanavyofanya ili usianguke njiani. Akanishika mkono akanipa pole. Wengine wakasogea wakanipa pole. Mzee mmoja akavua kofia. Nikakosa namna ya kuwarudisha nyuma. Nilikaa pale napokea rambirambi za mtoto ambaye sikujua kama yu hai, na mimi ndiye ningekuwa sababu. 

Na sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa naomba maji yazidi. Nilikuwa nasema moyoni, Bwana, ukitaka nirudi, funga njia, nami nitajua ni wewe. Miaka yote hiyo nimewaambia wanawake Mungu amesema hivi na vile, na siku ile nikasikia wazi kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Nilimfahamu mwenye sauti, ni mimi, anavyotafuta mlango wa nyuma.

Alasiri maji yakashuka mpaka kwenye mapaja. Vijana wakafunga kamba kutoka kwenye mti mpaka kwenye nguzo ya daraja, watu wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Marwa aliwapa wanne pikipiki wakaibeba mabegani kama jeneza. Akaniuliza, "Mama, unavuka au unarudi?"

Nikapandisha kitenge, nikaweka kadi ndani ya sidiria ikiwa kwenye nailoni, nikashika kamba. Katikati mguu ukateleza nikaingia mpaka kifuani. Mtu wa nyuma yangu akanishika ukosi. Sikulia kwa Mungu kwa maneno yoyote. Nilishika kamba tu. Kiatu kilipoachana na soli ni hapo.

Nyansurura

Tulikuwa tumeingia Nyansurura, jua limeanza kulala, tairi la nyuma likatoboka. Marwa akasukuma pikipiki mpaka kwenye mji wa karibu, boma la bwana mmoja anayeitwa Wambura, mkulima na mfugaji. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Marwa akaomba maji ya kutafutia tundu, nami nikaomba pa kukaa.

Mke wa Wambura alitoka ndani, akaona kitambaa changu, akapiga magoti palepale kwenye tope. Akasema tangu asubuhi anaomba Mungu amletee mtu. Akaingia akatoka na mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, moto wa kushika ukaachia. Macho yalikuwa yamegeuka. Mkono mmoja unarukaruka.

Alisema, "Mama mtumishi, mwombee mwanangu."

Dada zangu, mikono yangu iliinuka yenyewe. Imezoea. Ilikuwa hewani, karibu na kichwa cha mtoto, nikaiona kama mikono ya mtu mwingine. Nikaishusha. Nikauliza zahanati iko wapi. Wakasema ni mbali kidogo, kwa mguu karibu saa moja, na njia ina tope. Nikasema apelekwe sasa hivi.

Wambura alikuwa amesimama mlangoni. Yeye si mtu wa kanisa, ana bangili za shaba za baba yake mkononi, na mkewe ndiye anayesali. Akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekasirika lakini ana heshima, "Mke wangu amekuomba dua, wewe unatutuma kwa nesi. Njia ya kwa nesi tunaijua. Au ni kwa sababu nyumba hii si ya kilokole?"

Nikaona amefikiri nimewadharau. Na angekuwa na haki, maana zamani ningewadharau kweli. Kama ningeanza kueleza ningemaliza jua. Nikapiga magoti mbele ya mkewe, tukawa wawili kwenye tope, nikamwambia, "Dua nitaomba. Ila nitaomba tukiwa njiani."

Marwa alikuwa ameshaziba tundu. Hakungoja aambiwe. Akawasha, mama akapanda na mtoto. Nikafungua kitambaa changu cha kichwani, nikakichovya kwenye ndoo, nikamfunika mtoto kichwa na kifua ili moto upungue. Wakaondoka. Mimi na Wambura tukafuata kwa miguu.

 Alitembea mbele, hatua ndefu, nami nyuma na kiatu kimoja kinachopiga makofi. Niliahidi dua, nikaanza kuitafuta. Mnajua ninavyoomba, mnajua sauti yangu inavyopanda. Siku ile haikutoka. Kilichotoka ni, "Bwana, mtoto huyu. Bwana, mtoto huyu." Basi. Saa nzima.

Tulipofika, mtoto alikuwa amelazwa, ameshachomwa sindano na kuwekewa dripu. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Nesi alikuwa binti mdogo, pengine sawa na mtoto wangu wa mwisho, amechoka, amekasirika. Akaniona mimi naingia na nywele zangu za mvi bila kitambaa, nimejaa tope, akajua ni bibi wa mtoto.

Akanigeukia. Alisema ninyi mabibi ndio mnaoua watoto wa kijiji hiki. Mtoto anashikwa na degedege asubuhi, mnamkalisha nyumbani na maombi yenu na mizizi yenu mpaka jioni, halafu mnakuja hapa mnataka nesi afanye muujiza. Akaniuliza kama sina aibu.

Wambura alikuwa pembeni yangu. Nilimwona ananiangalia, anangoja. Ningeweza kusema mimi ni mpita njia, mimi ndiye niliyewaambia waje. Neno lilikuwa kwenye ulimi, tena tamu. Lakini kila alichosema yule binti kilikuwa kweli, ila alikosea mtoto na alikosea mwaka.

Nikasema, "Ninayo aibu, mwanangu."

 Nadhani hakutegemea. Akanivutia kiti.

Tulikaa mpaka joto la mtoto likashuka, akafungua macho, akaomba uji. Mama yake akabaki naye, sisi tukarudi. Wambura alinipa mahali pa kulala kwa dada yake, na kabla ya hapo akanikalisha tukale ugali wa mtama na nyama ya kukausha iliyopikwa kwa maziwa. Akaniuliza kwa nini sikumwambia nesi ukweli. Ndipo nikamweleza habari ya Boke yote, tangu mkono wangu mpaka sanduku. Yeye ndiye mtu wa kwanza. Mchungaji nilikuwa nimemwambia nusu.

Nilitegemea aseme Mungu ni mwema, au aseme mimi ni mtu mbaya. Hakusema lolote katika hayo. Alifikiri, akasema, "Kesho usiende na pikipiki mpaka mlangoni kwao. Shuka mbali, utembee. Wakuone unakuja, waamue wenyewe kama watatoka au watajifungia."

Kenyamonta

Nilifanya alivyosema. Marwa alinishusha kwenye mti wa barabarani, akaniambia atangoja hapo hata mpaka jioni. Kutoka pale unaona mji wa akina Boke juu ya kilima kidogo, nyumba mbili za bati na moja ya nyasi, na mtama umeanikwa uani.

Nilitembea katikati ya njia ili nionekane. Mtu mmoja uani akasimama. Akatazama. Hakuingia ndani.

Nilipokaribia niliona kaburi. Lilikuwa kando ya ghala, dogo, refu kama hatua mbili za mtu mzima, limezungushiwa mawe, na majani yameota juu yake. Lilikuwa kaburi la mtoto.

 Sikuanguka kama wanavyoanguka watu msibani, nilikaa tu chini njiani kama mzigo. Sijui nilikaa kiasi gani. Mtu wa uani akaja, alikuwa mama yake Boke, bibi mfupi mwenye masikio yaliyotobolewa zamani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Akaniuliza mimi ni nani na kwa nini nimekaa kwenye siafu. Kweli, siafu walikuwa wananipanda.

Nikamwambia mimi ndiye Mama Chacha wa Sirari. Uso wake ukafungwa. Alilijua jina.

Nikaonyesha kaburi. 

Akasema, "Yule ni mtoto wa kaka yake Boke. Wa zamani. Naye alikuwa anavimba hivi hivi, na sisi hatukujua ni nini." Akaninyanyua kwa mkono, akanipangusa siafu. "Pendo yuko shuleni."

Nilimshika yule bibi nikalia kwenye bega lake, na yeye akaniacha nilie, lakini hakunipapasa mgongo.

Boke alitoka shambani na jembe mkononi. Amekonda, amekuwa mama mtu mzima. Aliweka jembe chini taratibu, akatusogelea akasimama mbali kidogo. Nilipiga magoti. Nikatoa kadi, nikaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno, tangu Sirari nilikuwa nayapanga, lakini nikasema tu kwamba nilimwita mwongo na hakuwa mwongo, na kwamba nilichukua kadi hii bila hata kuisoma, na kwamba nimekuja kuirudisha.

Akaichukua. Akasoma jina la mwanawe, akaikunja. Akasema anayo nyingine sasa, alipewa hospitali ya Mugumu, lakini hii pia ataiweka.

Kisha akanieleza, akiwa amesimama. Alisema alipofika nyumbani bado aliniamini. Alitafuta kitu alichokificha. Alipekua nyumba, alitubu dhambi za utotoni, alitubu hata za mama yake. Hakumpa mtoto dawa. Miezi mitatu. Asubuhi moja Pendo aliamka upande mmoja wa mwili umepooza. Ndipo akamkimbiza hospitali.

Wakati anasema hivyo mtoto alikuwa anapanda kilima, ametumwa nyumbani mapema kwa sababu alihisi kuchoka. Mdogo, mdogo kuliko miaka yake, shingo nyembamba, macho yana ile njano kidogo. Daftari alishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani. Alinisalimia shikamoo kwa adabu kabisa, akijua mimi ni mgeni tu, akaenda kumwonyesha bibi yake hesabu alizopata.

Boke alimwangalia akienda. Akasema, "Mama Chacha, mkono ule ndio ile miezi mitatu."

 

Nikabaki nimepiga magoti. Akaniambia niinuke. Sikuinuka, nilidhani kukaa chini ndiko kunyenyekea. Ndipo aliposema maneno ambayo mmekuwa mkiniuliza. Hakupaza sauti.

"Inuka. Hapa tuko watu wanne na mbuzi. Kule ulinisema mbele ya wanawake thelathini. Nenda ukapige magoti kule. Ukishasema usinipigie simu kunieleza, nitasikia mwenyewe."

Bibi akaleta ugali na maziwa mgando. Boke alininawisha mikono, akamimina maji mpaka tope lote likatoka kwenye kucha, ila hakukaa kula nami. Nilipotaka kuombea chakula akatikisa kichwa. Tukala mimi na bibi. Sukari na sabuni bibi alipokea. Wakati naondoka Pendo alinisindikiza mpaka nusu ya njia kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kwa wageni. Aliniuliza kiatu changu kimefanya nini. Nikamwambia kimeogelea. Akacheka, na alipocheka aliushika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto ili usitikisike.

Sirari tena, Jumapili

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na haina la kusimulia. Jumapili nilikwenda kanisani bila kitambaa cha uongozi. Wakati wa shuhuda nilisimama mbele, wakaanza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nikawaomba wanyamaze. Nikapiga magoti pale pale nilipomwekea Boke mkono, nikasema nilichosema siku ile, neno kwa neno, na nikasema kwamba halikutoka kwa Mungu, lilitoka kwangu. Nikataja miezi mitatu. Nikataja mkono.

Kanisa lilikuwa kimya mpaka nasikia malori ya mpakani yakipiga honi.

Mchungaji ni mtu mwema, hakuvumilia kimya kile. Akashika kipaza sauti akasema, mnaona ndugu zangu jinsi mama yetu anavyojinyenyekeza, ni mfano kwetu sote. Mtu mmoja akasema haleluya. Nikaona jambo lile linageuka mikononi mwangu, naanza kupanda tena juu kwa ngazi nyingine. Na nisiwafiche, sekunde moja lilinipendeza.

Nikasema, "Mchungaji, sijinyenyekezi. Naeleza nilichofanya."

Akarudisha kipaza sauti mezani.

Nilidhani limekwisha hapo. Wengine walinikwepa mlangoni, wawili walinikumbatia, mmoja aliniambia nimeaibisha akina mama. Yote hayo nilikuwa nimeyategemea. Lakini nyuma ya kanisa, kwenye tanki la maji, alikuwa ananingoja Wegesa, mke wa fundi baiskeli, ambaye ana mimba ya miezi saba. Alikuwa amevaa ndala za mumewe kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba haiingii kwenye viatu.

Aliangalia chini. Akasema, "Mama, na mimi uliniambia hivyo hivyo."

Sikukumbuka. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya maji, zaidi ya kaburi. Nikamuuliza nilimwambia nini. Akasema alinionyesha vidonge vya presha alivyopewa kliniki, nami nikasema mwanamke anayezaa kwa imani habebi woga kwenye mfuko. Alivitumbukiza chooni siku hiyo hiyo. Kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa, na kuna wakati haoni vizuri.

Hatukungoja Jumatatu. Tulitafuta gari pale pale, mumewe akaja na gauni na beseni, tukaenda Tarime. Mapokezi walimpima presha mkono mmoja, wakampima na wa pili, wakaitana. Mhudumu akauliza nani amekuja naye.

Mnajua ninavyoitwa hapa Sirari. Mtumishi, Mama Mwenyekiti, Mama Mwonaji. Nilikuwa nimesimama pale nangoja Wegesa aseme mojawapo, na sikujua ningeweka wapi uso.

Wegesa akasema, "Jirani yangu."

Akalazwa. Presha imeanza kushuka, mtoto tumboni anacheza, na daktari amesema hatatoka hapa mpaka ajifungue. Mumewe ana kazi mchana, kwa hiyo mchana nakuwa mimi. Nafua, naleta uji, namkumbusha vidonge saa mbili na saa nane. Saa nane imefika sasa, naacha hapa.

Dada yenu,
Rhobi